Valvu ya EGR Inaposhukiwa: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Gari likianza kutetemeka au kutoa moshi mweusi, siku hizi valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, hutajwa mapema mno. Magari mengi yanayofika gereji za Mtwara, Lindi na Masasi yakiwa na malalamiko hayo huwa yameshapita kwenye mikono ya watu wawili watatu: mmoja amefunga valvu ya mtumba, mwingine ameziba njia yake kwa bati, na tatizo limebaki pale pale. Huko ni kupiga ramli. Mwongozo huu unafuata dalili ambazo wenye magari huzieleza mara kwa mara, na kwa kila dalili unaanza na chanzo cha kawaida na ukaguzi usiogharimu kitu, ndipo yafuate yanayohitaji vipimo.

Yanayopaswa kueleweka kabla ya kushika spana

EGR huchukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ili uingie tena ndani ya silinda. Moshi huo umeshaungua, kwa hiyo hauongezi moto. Unachukua nafasi na kufyonza joto, na kwa njia hiyo joto la mwako hushuka. Lengo ni kupunguza oksidi za nitrojeni, gesi zenye sumu ambazo huzalishwa kwa wingi pale joto ndani ya silinda linapopita takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi.

Tofauti kati ya petroli na dizeli ndiyo huwapotosha wengi. Kwenye injini ya petroli, valvu hutakiwa kuwa imefunga injini ikiwa ya baridi, ikiwa kwenye silensi, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta, na pia pedali inapokanyagwa hadi mwisho. Hufunguka gari linapokwenda kwa mwendo tulivu wa kati. Kwenye dizeli nyingi, kinyume chake, valvu huwa wazi hata kwenye silensi, kwa sababu dizeli ina hewa ya ziada wakati huo, kisha hufunga pale mzigo unapokuwa mkubwa. Fundi aliyezoea petroli akiikuta valvu ya dizeli iko wazi kwenye silensi anaweza kuihukumu kuwa mbovu ilhali inafanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo ukaguzi wote unazunguka maswali mawili: je, moshi unapita wakati unaotakiwa kupita, na je, unazuiwa wakati unaotakiwa kuzuiwa? Valvu yenyewe ni sehemu moja tu ya jibu. Nyingine ni njia za moshi, mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa unaofungua baadhi ya valvu; nyingine hufunguliwa kwa umeme), waya, sensa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini inayotoa amri.

Hakikisha pia kwamba gari lako lina valvu hiyo. Injini nyingi ndogo za petroli za Toyota zenye VVT-i, kama 1NZ-FE iliyomo kwenye Probox na IST, hazina valvu ya EGR ya nje. Zinabakiza moshi kidogo ndani ya silinda kwa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini. Ukiambiwa ulipie usafishaji wa EGR ya injini kama hiyo, omba uonyeshwe ilipo.

Usalama ni huu. Bomba la EGR huwa na joto la kuunguza hadi mfupa, kwa hiyo subiri injini ipoe, ila pale kipimo kinapodai iwe ya moto. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake unaua bila kunuka vibaya. Dawa ya kusafishia kabureta huwaka haraka, usiipulize juu ya ekzosi ya moto. Na ikiwa injini ni ya dizeli, usipulize dawa hiyo kwenye njia ya hewa wakati injini inazunguka: dizeli inaweza kuitumia kama mafuta na kupandisha mizunguko bila wewe kuweza kuizuia.

Petroli inatetemeka au kuzima kwenye silensi, lakini barabarani inatulia

Hii ndiyo dalili halisi ya valvu isiyofunga. Moshi unaoingia kwenye silensi ni mwingi kuliko hewa inayoweza kuuhimili, mwako unakuwa dhaifu, na injini inamisi, yaani baadhi ya silinda hazichomi mafuta ipasavyo. Ukikanyaga mafuta hewa inaongezeka na injini inatulia. Mashine ya kusomea hitilafu inaweza kuonyesha P0402, yaani mtiririko uliozidi, ingawa mara nyingine haionyeshi chochote.

Chanzo kinachotangulia ni kipande cha kaboni kilichokwama kwenye kikalio cha valvu. Nimewahi kupokea gari dogo la abiria kutoka Nachingwea ambalo lilikuwa limeshabadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta, na bado lilikuwa likizima kila liliposimama kushusha abiria. Nilifungua nati mbili, nikaigeuza valvu juani, na pembeni mwa sindano yake kikaonekana kipande cheusi, kigumu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikibandua kwa kucha. Plagi alizotupa mwenye gari zilikuwa bado nzima.

Anza na kipimo hiki. Kama valvu ni ya vakyumu, chomoa mpira wake mdogo injini ikiwa kwenye silensi, kisha uzibe mdomo wa mpira huo kwa kidole. Injini ikitulia papo hapo, valvu ilikuwa inafunguliwa na vakyumu isiyostahili kuwepo, na kosa liko kwenye soleno, swichi ya umeme inayoigawa vakyumu hiyo, au kwenye mipira iliyounganishwa vibaya baada ya matengenezo. Hilo la mipira kubadilishana nafasi ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Injini isipotulia, gonga mwili wa valvu polepole kwa mpini wa bisibisi. Mabadiliko yoyote ya mlio yanaashiria kaboni inayosogea.

Hatua ya tatu ni kuitoa valvu na kukagua kikalio. Unaweza pia kukata kipande cha bati la chuma kwa umbo la gasketi, ukakiweka kati ya valvu na manifoldi kwa majaribio ya dakika chache tu. Usitumie alumini, maana moto wa ekzosi unaweza kuiyeyusha. Ikiwa injini inatulia bati likiwepo na kutetemeka likitolewa, valvu inavuja bila ubishi. Ikiwa inatetemeka vilevile, achana na EGR: kagua throto iliyoshika uchafu, mpira wa hewa uliopasuka, plagi na koili.

Unaposafisha valvu ya vakyumu, igeuze sindano ielekee chini ili dawa na masizi visiingie kwenye kiwambo cha mpira kinachoinua sindano hiyo. Valvu ya umeme haitakiwi kulowekwa kabisa, wala sindano yake isisukumwe kwa bisibisi kwa nguvu, kwa sababu gia ndogo zilizomo ndani huvunjika. Rudisha kwa gasketi mpya.

Simama hapa umwite fundi mwenye uzoefu ikiwa nati za valvu hazilegei. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, pale Shangani au Mikindani, kutu ya chumvi hushika boliti za ekzosi kiasi kwamba ukilazimisha zinakatikia ndani ya manifoldi, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kuchimba na kukata hesi upya.

Petroli inagonga gari likiwa kwenye mwendo wa kati

Hapa hali ni kinyume: moshi hauingii pale unapotakiwa, joto la mwako linapanda, na mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Mlio wake ni mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na husikika pedali ikiwa imekanyagwa kiasi, kwa mfano katika mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa kati ya Mtwara na njiapanda ya Mnazi Mmoja.

Sikiliza ni lini hasa inagonga. Ikiwa inagonga tu unapokanyaga hadi mwisho, tuseme ukipanda Uwanda wa Makonde kutoka Masasi kwenda Newala na gari limejaa, usiilaumu EGR, kwa kuwa wakati huo valvu hutakiwa kuwa imefunga hata kwenye gari zima. Hapo tafuta kwenye ubora wa petroli, muda wa cheche, joto la injini au plagi zisizo sahihi.

Kama mlio uko kwenye mwendo wa kati, kinachoongoza ni njia za moshi zilizoziba masizi, hasa vitundu vidogo ndani ya manifoldi ambavyo havionekani hadi valvu itolewe. Kinafuata kiwambo kilichotoboka, kisha mpira wa vakyumu uliopasuka au kutafunwa. Hilo la mwisho si mzaha: msimu wa korosho, magari yanayolala kando ya maghala hupata wageni chini ya bonneti, na panya hupenda mipira laini. Mwisho kabisa huja soleno iliyokufa. Kumbuka pia kuuliza kama kuna aliyewahi kuweka bati.

Kipimo bora ni cha pampu ya vakyumu ya mkono. Injini ikiwa ya moto na kwenye silensi, unganisha pampu kwenye valvu na uvute inchi 10 hadi 15 za zebaki. Injini isiyo na kasoro itatetemeka vibaya au kuzima kabisa, na huko kuzima ndiko kufaulu. Iwapo mshale wa pampu unarudi wenyewe, kiwambo kimetoboka. Ila zipo valvu za kizamani zinazotegemea msukumo wa moshi ambazo hazishiki vakyumu kwenye silensi, na hizo zisihukumiwe kwa kipimo hiki. Mshale ukitulia, sindano ikapanda, lakini injini ikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, valvu ni nzima na njia ndiyo iliyoziba. Valvu nyingi nzuri hutupwa kwa sababu hakuna aliyefanya kipimo hiki.

Usipokuwa na pampu, zima injini, iache ipoe, unganisha mpira safi kwenye valvu, uvute kwa mdomo kisha uzibe ncha kwa ulimi. Ulimi ukiendelea kung'ang'aniwa, kiwambo ni kizima. Ukiachiwa mara moja, kimetoboka.

Njia zilizoziba husafishwa kwa waya wa chuma, brashi ya chupa na dawa, injini ikiwa imezimwa. Ziba kwa kitambaa upande unaoelekea silinda, na ukitoe kitambaa hicho kabla ya kufunga, wapo waliokisahau.

Dizeli inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu

Kwa Hilux, Prado na malori madogo yanayobeba korosho na ufuta, hili ndilo lalamiko kubwa. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. EGR iliyokwama wazi inaweza kuleta hali hiyo, kwa kuwa moshi unakalia nafasi ya hewa safi wakati injini inahitaji nguvu, lakini si mshukiwa wa kwanza.

Wa kwanza ni eya klina. Baada ya wiki chache kwenye barabara za vumbi za vijijini inaweza kuwa nzito kama tofali, na kuikagua hakuhitaji zaidi ya kufungua klipu. Wa pili ni mpira mnene unaotoka kwenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu, kwenda kwenye manifoldi: upapase kwa chini, tafuta mpasuko au unyevu wa oili, kisha mwenzako akanyage mafuta nawe usikilize mlio wa upepo unaochomoka. Hayo yakiwa sawa, ndipo uje kwenye EGR.

Kwa valvu ya vakyumu, chomoa mpira wake, uuzibe kwa boliti ndogo, kisha uendeshe kilomita chache. Nguvu ikirudi na moshi ukipungua, valvu inaweza kufunga ila inaamriwa ifunguke kupita kiasi, hivyo chunguza soleno na sensa ya hewa inayoingia. Hali isipobadilika, valvu inaweza kuwa imekwama kwa masizi, nawe utaitoa na kuitazama. Kwa valvu ya umeme hakuna njia ya mkato, utahitaji mashine inayolinganisha nafasi iliyoamriwa na nafasi halisi.

Ukiitoa valvu ya dizeli, ingiza tochi kwenye manifoldi. Masizi ya EGR yakikutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye bomba la kupumulia la injini hutengeneza lami nyeusi inayonata. Nakumbuka manifoldi moja ya gari la kazi lililokuwa likishinda linawaka silensi kwa saa nyingi ili kiyoyozi kifanye kazi: tundu ambalo kidole gumba kilitakiwa kupita kwa nafasi, kalamu ilipita kwa shida. Mwenye gari alikuwa ameshauriwa abadilishe tabo. Baada ya manifoldi kusafishwa ikiwa imetolewa nje, gari lilipanda kuelekea Newala kwa gia ambayo alikuwa ameisahau.

Usisafishe manifoldi ya dizeli ikiwa imefungwa kwenye injini. Magamba ya lami yanayobanduka huingia kwenye silinda na kuharibu valvu na pete za pistoni. Kazi ya kuitoa ni ya fundi, kwa sababu kwenye injini nyingi mabomba ya mafuta yenye presha kubwa hupita hapo hapo. Vivyo hivyo, ikiwa EGR ni nzima na moshi bado mweusi, nozeli na tabo vipimwe na wenye vifaa.

Taa ya injini imewaka, gari linaonekana zima

Msimbo unaosomwa kwa mashine unataja mzunguko wa umeme au mtiririko wa moshi wenye kasoro, hautaji kifaa cha kununua. P0401 ni mtiririko pungufu, nayo kwa kawaida husababishwa na njia zilizoziba, vakyumu inayopotea au bati. Kwenye dizeli, hata sensa ya hewa iliyochafuka inaweza kuileta, kwa sababu kontroli boksi hukadiria moshi unaorudi kwa kuona hewa safi ikipungua. P0403 inahusu umeme unaoendesha valvu au soleno. P0404 inasema valvu haifuati amri ipasavyo. P0405 na P0406 zinahusu sensa ya nafasi ya valvu: ya kwanza volti ziko chini mno, ya pili ziko juu mno.

Kwa misimbo ya umeme, soketi ikaguliwe kabla ya yote. Huku pwani nimekuta pini zilizoota ukungu wa kijani mara nyingi kuliko nilivyokuta valvu zilizoungua. Zima swichi, chomoa soketi, safisha pini kwa dawa ya vifaa vya umeme, hakikisha mpira wake wa kuzuia maji upo, urudishe. Tatizo likibaki, chukua mita ya umeme. Valvu nyingi zenye sensa ya nafasi hupokea volti 5 na waya wa ethi, na waya wa tatu hurudisha taarifa ambayo kwa kawaida ni chini kidogo au karibu ya volti 1 valvu ikiwa imefunga, ikipanda kuelekea volti 4 au zaidi inapofunguka. Thamani kamili zisomwe kwenye kitabu cha gari husika. Zikikosekana volti 5 kwenye soketi, kosa liko kwenye waya au kontroli boksi, na valvu mpya haitasaidia kitu. Hapo ndipo pa kumwachia fundi umeme, maana kuchokonoa waya za kontroli boksi kwa taa ya majaribio kunaweza kuiunguza.

Ukiwa na mashine nzuri, amuru valvu ya dizeli ifunguke injini ikiwa kwenye silensi na utazame kipimo cha hewa safi. Kikishuka waziwazi, moshi unapita. Kikibaki pale pale huku valvu ikisema imefunguka, njia imeziba.

Maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja nje

Dizeli nyingi za kisasa zina kipoza moshi, kijirejeta kidogo ambamo moshi wa EGR hupita ukizungukwa na maji ya injini. Kikitoboka, maji huingia kwenye njia ya hewa au ya ekzosi. Dalili zake ni moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, harufu tamu ya kulanti (dawa ya kupozea inayowekwa kwenye rejeta), na mtetemo gari linapowashwa asubuhi. Wanaojazia maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti huharakisha ugonjwa huu.

Dalili hizi zinafanana mno na za gasketi ya silinda hedi, na hata mapovu kwenye rejeta hayatofautishi, kwa kuwa moshi unaweza kuingia kwenye maji kupitia kipoza vilevile. Kabla ya kukubali kufungua hedi, acha gari lilale, asubuhi toa valvu ya EGR bila kuwasha injini, utazame. Masizi makavu ni dalili njema. Tope jeusi lenye unyevu, au matone ya kulanti, yanakielekeza kidole kwenye kipoza. Uthibitisho ni kukitoa, kuziba matundu yake ya maji isipokuwa moja, kupuliza upepo wa presha ndogo, isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, na kukizamisha kwenye beseni, kama fundi pancha anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Kipoza kinachotoa mapovu hubadilishwa. Kuchomelea hakudumu.

Dalili hii haina subira. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Na ikitokea asubuhi stata inagonga mara moja kisha injini inakataa kuzunguka, usirudie kupiga swichi wala usilisukume gari: huenda maji yamejaa juu ya pistoni, na maji hayabonyei, kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Livutwe hadi gereji.

Kuhusu kuziba kwa bati moja kwa moja

Bati lina kazi moja halali, nayo ni majaribio niliyoeleza. Likiachwa kwenye petroli, kugonga kwa mwendo wa kati kunarudi na pistoni zinalipia. Likiachwa kwenye dizeli, mwenye gari huona unafuu wa muda kwa sababu masizi yamepungua, lakini taa ya P0401 huwaka, na kwenye baadhi ya magari kontroli boksi hupunguza nguvu kwa makusudi. Zaidi ya hapo, kipoza kinachovuja hakiponi kwa bati lililowekwa kwenye valvu; maji huendelea kutoka upande wa ekzosi.

Baada ya matengenezo

Futa msimbo, kisha uliendeshe gari katika hali ambayo mfumo hujipima. Mizunguko ya mjini, kutoka sokoni hadi bandarini na kurudi, haitoshi, kwa sababu magari mengi hupima EGR yakiwa yameshapata moto na yakienda kwa mwendo usiobadilika. Toka Mtwara mjini, pita Mikindani, ushike barabara ya Lindi kwa nusu saa bila kukanyaga na kuachia mafuta ovyo. Valvu nyingi za umeme zikishabadilishwa huhitaji pia kufundishwa nafasi yake ya kufunga kwa mashine, na ikiwa hilo halikufanyika P0404 itarudi kabla hujafika Mnazi Mmoja. Ukirudi, soma misimbo inayosubiri hata kama taa haijawaka, na upapase tena soketi na mipira uliyoigusa, injini ikishapoa.